Hesabu za bahati nasibu: lile daftari la namba halisaidii

Hapa Mpanda ukikaa kijiwe chochote karibu na stendi humkosi profesa wa namba. Ana daftari, ameandika namba zote zilizotoka mwezi mzima, na hoja yake ni moja: 7 haijatoka siku nyingi, kwa hiyo leo lazima itoke. Vijana wanamwamini, wanaweka dau. Mimi nimesoma hesabu kidogo, basi kila siku naulizwa kama kuna fomula. Kuna vitu vinavyosaidia, ila haviko kwenye lile daftari.

Chukua Tatu Mzuka, mchezo ulioanza hapa Bongo 2017. Ulikuwa unachagua tarakimu tatu, kila moja kuanzia 0 hadi 9. Piga 10 mara 10 mara 10, unapata mipangilio 1,000. Droo ya leo haijui jana kilitoka nini, na 7 haidaiwi na mtu. Uchague 777 au 305, nafasi ya kupatia zote tatu kwa mpangilio ni ile ile, 1 kwa 1,000. Zawadi kuu ilikuwa hadi mara 200 ya dau. Haya, cheza mara 1,000 kwa shilingi 500: umetoa laki tano, na hiyo zawadi kuu kwa wastani unaipata mara moja, laki moja.

Kwenye mpira kuna afadhali, maana timu kali zipo na mbovu zipo. Ila angalia mkeka wa mechi 12 kama ule wa Perfect 12 wa M-Bet. Kila mechi ina matokeo 3, kwa hiyo mikeka tofauti ni 531,441. Ongeza mechi moja tu, inafika 1,594,323, zaidi ya watu wote wa mkoa wa Katavi kwa sensa ya 2022, hadi watoto wa mgongoni kule Mishamo na Karema. Sawa, tuseme wewe ni mkali, kila mechi una nafasi nusu kwa nusu ya kupatia. Kwa mechi 12 hiyo ni nafasi 1 kwa 4,096. Ukicheza mkeka mmoja kila wiki, wastani wa kusubiri ni kama miaka 79!

Kwenye droo, kinachoongeza nafasi ni kununua namba nyingi zaidi, basi. Aliyeipeleka mbali hiyo ni Stefan Mandel, mzaliwa wa Romania aliyehamia Australia. Mwaka 1992 aliilenga bahati nasibu ya jimbo la Virginia, Marekani: namba 6 kati ya 44, mipangilio 7,059,052, tiketi dola 1, na jekipoti ilishapanda hadi dola milioni 27. Kundi lake liliwahi kununua kama milioni 5 kabla muda haujaisha, na ya ushindi ikawemo. Hesabu yenyewe ni ya sekondari. Mtaji ndio mziki.

Halafu kuna kugawana. Januari 1995 kule Uingereza watu 133 walipatia namba zile zile, jekipoti ya pauni milioni 16 ikakatwa vipande, kila mmoja kama pauni 122,000. Kwa hiyo kwenye droo za kugawana kwepa tarehe za kuzaliwa (1 hadi 31). Nafasi ya kushinda haiongezeki hata chembe, ila ukishinda mnagawana wachache.

Sasa wale wauza "mechi fiksi" wa WhatsApp, hawa ndio wananikera, maana nimeona mtu anauza gunia la mpunga ili awalipe. Mchezo wao ni huu. Jamaa anatuma meseji kwa watu 1,600: nusu anawaambia Simba inashinda, nusu haishindi. Waliopata uongo anaachana nao. Wanabaki 800, kisha 400, 200, 100, 50. Hao 50 wameona kapatia mara tano mfululizo, wanaapa jamaa anajua. Akiwatoza elfu ishirini kila mmoja, kapata milioni moja bila kujua chochote kuhusu mpira.

Ukikutana naye mwambie aweke utabiri hadharani, mmoja kwa watu wote, kabla mechi haijaanza. Utasikia leo "chanzo" hakipatikani hewani.