Matumaini na mashaka ya wachezaji kabla ya Guild Wars 2

Katika masomo yetu ya fasihi tunazungumza sana juu ya mwandishi na kitabu chake, na kidogo juu ya msomaji anayengoja kitabu kinachofuata. Katika makala haya nataka kueleza kungoja huko. Mfano ninaouchukua haukutoka maktabani. Ni mchezo wa video unaochezwa kwa intaneti, Guild Wars, na mwendelezo wake, Guild Wars 2. Mwendelezo huo ulitangazwa mwaka 2007 na ukatoka tarehe 28 Agosti 2012. Wachezaji walingoja zaidi ya miaka mitano, na muda wote huo tumaini na shaka vilikaa nyumba moja.

Naandika kwa ajili ya wenzangu wanaocheza na pia kwa ajili ya walimu wetu ambao hawajawahi kushika mchezo wa namna hii. Kwa hiyo nitaanza na mchezo wenyewe, kisha nitaeleza walichokitumaini, walichokiogopa, lugha waliyoitumia, na mwisho yaliyotokea kweli.

1. Mchezo wa kwanza

Guild Wars ilitoka Aprili 2005. Iliundwa na ArenaNet, kampuni ya jimbo la Washington, Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2000 na watu watatu waliokuwa wametoka Blizzard. Aliyeiuza ni NCsoft, kampuni ya Korea Kusini. Mchezaji huunda mhusika wake, humpa jina, umbo na fani, kisha humwingiza katika ulimwengu wa kubuni unaoitwa Tyria. Neno la kwanza katika jina la mchezo lina maana ya chama, na wachezaji hujiunga katika vyama vyao na kupigana pamoja.

Mambo mawili yaliutofautisha mchezo huu na mingine ya wakati wake. La kwanza ni bei. World of Warcraft, iliyotoka miezi michache kabla yake, ilidai karibu dola 15 kila mwezi. Guild Wars ilinunuliwa mara moja tu, na baada ya hapo mtu alicheza bila ada. Sisi ambao tunanunua kwanza mega ndipo tufikirie mchezo, tunaelewa mara moja uzito wa jambo hilo.

La pili ni namna ya kupigana. Mhusika alifika mwisho wa ngazi kwenye ngazi ya 20, na hapo hakuongezeka nguvu tena. Kilichobaki ni akili. Kulikuwa na mbinu zaidi ya elfu moja, lakini mtu alichukua nane tu kila alipotoka mjini, na aliweza kuchanganya fani mbili katika mhusika mmoja. Kuchagua mbinu nane hizo ilikuwa kazi ya kufikiri, karibu kama kutunga shairi lenye mizani. Kundi zima lilimtegemea Mtawa, ambaye kazi yake ilikuwa kuponya wenzake.

2. Waliyoyatumaini

Mchezo wa kwanza ulikuwa na mipaka. Mhusika hakuweza kuruka hata ukuta mfupi, wala kuogelea. Mijini wachezaji walikutana, lakini kila kundi lilipotoka nje ya mji lilipewa nakala yake lenyewe ya nchi. Humo hukumkuta mgeni hata mmoja. Ulimwengu ulikuwa mkubwa na watu wake walikuwa wengi, ila njiani ulikuwa peke yako.

ArenaNet iliahidi kubomoa mipaka hiyo. Nchi ingekuwa wazi kwa wote. Matukio yangetokea mbele ya macho ya kila aliye karibu: kijiji kinashambuliwa, wapitanjia wanakuja kusaidia, na kila mmoja anapata zawadi yake bila kumnyang'anya mwenzake. Kila mhusika angekuwa na hadithi yake binafsi inayotegemea majibu aliyoyatoa alipozaliwa. Mwaka 2010 Mike O'Brien, mmoja wa waanzilishi, alitoa tangazo rasmi la misingi ya mchezo mpya, na tangazo hilo likawa kama katiba mikononi mwa wachezaji. Juu ya yote, ada ya mwezi isingekuwepo tena safari hii.

Tumaini lingine lilihusu urithi. Agosti 2007 ilitoka sehemu ya nyongeza iitwayo Eye of the North, na ndani yake kulikuwa na ukumbi wa kumbukumbu. Mchezaji aliweka humo silaha, mavazi, wanyama na sifa alizozipata. Kila kilichowekwa kilihesabiwa, hadi alama 50, na alama hizo zingempatia zawadi katika mchezo wa pili. Kwa njia hiyo watu waliokuwa wamemaliza kila kitu walirudi kucheza upya, wakimwandalia mhusika ambaye bado hajazaliwa. Mzee anayepanda mwembe kwa ajili ya wajukuu hufanya jambo la namna hiyo.

3. Waliyoyaogopa

Shaka ya kwanza ilitokana na hadithi yenyewe. Mwanzoni mwa mchezo wa 2005, viumbe waitwao Charr wanaiteketeza Ascalon, nchi ya wahusika wetu. Kwa miaka mingi wachezaji waliwapiga Charr bila kujiuliza. Mwendelezo, unaosimulia mambo ya miaka 250 baadaye, uliwaweka Charr miongoni mwa makabila matano ambayo mchezaji angeweza kuyachagua, na Ascalon iko mikononi mwao. Wengine walifurahi kumwona adui akipewa sauti. Wengine waliuliza: je, waliokufa Ascalon wamesahauliwa? Swali hili ni la fasihi kabisa: mwandishi ana haki gani ya kubadilisha upande ambao msomaji amesimama?

Shaka ya pili ilihusu ufundi. Fani ya Mtawa iliondolewa. Kila mhusika angejiponya mwenyewe. Kuchanganya fani mbili kuliondolewa pia, na sehemu kubwa ya mbinu ingetokana na silaha iliyo mkononi. Ngazi zilipanda kutoka 20 hadi 80. Wale waliopenda hesabu ya mbinu nane waliona kwamba kile walichokipenda ndicho kinachotolewa, na jina pekee ndilo linabaki.

Shaka ya tatu ilikuwa ya fedha. Machi 2012 ArenaNet ilieleza duka la ndani ya mchezo: mtu angenunua vito kwa fedha halisi, na vito hivyo vingeweza kubadilishwa na dhahabu ya mchezo, na dhahabu na vito. Kampuni ilisema nguvu haitauzwa. Wachezaji walijibu kwamba penye duka, mwenye duka hushawishika.

Shaka ya nne ndiyo iliyokuwa nzito kuliko zote: je, ulimwengu wa kwanza utazimwa? Mchezo wa mtandaoni hauko kama kitabu. Kitabu changu nikikinunua, mchapishaji akifunga milango yake, kitabu kinabaki rafuni. Mchezo huu unaishi ndani ya seva ya kampuni. Seva ikizimwa, mhusika wako, chama chako na ukumbi wako vinatoweka siku hiyohiyo. Wachezaji walikuwa na mifano. Asheron's Call 2 ilitoka Novemba 2002 na ikafungwa Desemba 2005, wakati mchezo wa kwanza wa jina hilo ukiendelea: mtoto alikufa kabla ya mzazi. Na siku tatu tu baada ya Guild Wars 2 kutoka, NCsoft ilitangaza kwamba itaifunga City of Heroes, mchezo wake mwingine, na kweli ikaufunga tarehe 30 Novemba 2012. Waliosema kwamba hofu yao haina msingi walinyamaza.

4. Lugha ya kungoja

Hapa ndipo mwanafunzi wa lugha anapopata kazi. Wachezaji hao waliandika kwa Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani na lugha nyingine. Mifano ninayoiweka ni Kiswahili changu, kwa kuonyesha jinsi sarufi yetu ingewapanga.

Kampuni husema kwa -ta-: utaruka, utaogelea, utachagua. Ni wakati ujao usio na masharti. Mwenye tumaini huichukua -ta- hiyo na kuitanguliza kwa kitenzi cha moyo: naamini tutaruka. Ahadi ya mwingine imekuwa imani yake. Mwenye shaka huhamia -ki-: duka likibaki la mavazi tu, nitanunua. Bado yuko tayari, lakini ameweka sharti. Akiogopa zaidi, husema: isije ikawa wanauza nguvu. Na mkongwe aliyekwisha kukata tamaa huenda kwenye -ngali-: wangaliuongeza ule wa kwanza, tungaliridhika. Huyu hazungumzi tena juu ya kesho.

Methali nazo zinagawanyika vivyo hivyo. Upande mmoja wangesema kipya kinyemi ingawa kidonda. Upande wa pili wangejibu usiache mbachao kwa msala upitao. Na wote wawili wangeielekezea kampuni neno moja: ahadi ni deni.

Nililoliona katika kupanga hivi ni kwamba mtu mmoja alipita katika hali zote hizo, mara nyingine ndani ya siku moja. Aliyehesabu alama zake za ukumbi asubuhi ndiye aliyelalamikia duka jioni. Kwa hiyo si sahihi kuwagawa wachezaji katika kambi mbili, wenye tumaini na wenye shaka. Asiyejali hakuwa na shaka. Alikwenda kucheza kitu kingine. Shaka ilikuwa kwa aliyekuwa na kitu cha kupoteza.

5. Yaliyotokea

Mwaka 2012, Aprili, Juni na Julai, walionunua mapema walifunguliwa mchezo kwa mwisho wa juma mmoja kila mwezi ili waujaribu. Agosti ulipotoka, watu walikuwa wengi kiasi kwamba kampuni ilisimamisha kwa muda uuzaji katika tovuti yake yenyewe. Nchi ilikuwa wazi kama ilivyoahidiwa, na wahusika waliruka.

Deni moja lakini lilidaiwa haraka. Wengi walikuwa wameelewa kwamba mtu akifika mwisho hatalazimika kukimbiza silaha zenye nguvu zaidi na zaidi. Novemba 2012 ililetwa daraja mpya ya vifaa juu ya ile ya awali, na hasira ikawa kubwa. Ni ajabu kidogo: waliogopa duka kwa miezi mingi, na kidonda kilitoka mahali ambapo macho yalikuwa hayatazami.

Kuhusu hofu ya nne, jibu lilikuwa jema. Ulimwengu wa kwanza haukuzimwa. Mwaka 2013 uliwekwa katika hali ya kujiendesha, bila hadithi mpya, na milango ikabaki wazi. Nchi mbili za zamani zilizokosekana mwanzoni katika mchezo wa pili zilirudi polepole: Elona mwaka 2017, Cantha mwaka 2022.

Kwa kumalizia, naona mambo mawili yanayotuhusu kitivoni. Kwanza, Guild Wars 2 ilitoka kwa Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani na Kihispania. Mkongomani anayeucheza huingia Tyria kwa mlango wa Kifaransa, na maneno ya mbinu, ngazi na vyama huyatafutia Kiswahili mwenyewe, kama nilivyofanya katika kurasa hizi. Kazi hiyo inangoja watu wa tafsiri. Pili, hadithi nyingi za kizazi chetu zinakaa katika seva za watu wengine. Tunajua kuhifadhi hekaya za wazee kwa daftari na kinasa sauti. Namna ya kuhifadhi ulimwengu ambao mwenyewe anaweza kuuzima kwa tangazo moja, hatujaifundisha bado, na waliopoteza City of Heroes mwaka 2012 wanaweza kutueleza kwa nini ingefaa tuanze.