Piga picha kabla ya kupiga dawa

Mvua ikinyesha na kishona nguo kuchanua kando ya mashamba ya Bonde la Kerio, wadudu wenye mabawa huonekana mauani mchana kutwa. Si wote walio vipepeo. Baadhi ni nondo. Wako wakulima wanaowanyunyizia dawa wakidhani ndio wanaoleta viwavijeshi. Lakini nondo wa viwavijeshi huruka usiku.

Utawatambuaje?

Tazama vipapasio. Vya kipepeo huwa na kinundu nchani. Vya nondo kwa kawaida hufanana na uzi au unyoya. Nondo mmoja wa mchana ni mweupe mwenye madoa mekundu na meusi. Kiwavi wake hula mimea ya porini yenye sumu na kuiweka sumu hiyo mwilini. Rangi zake huwaonya ndege. Mwingine huelea mbele ya ua bila kutua, akinyonya kwa mrija mrefu mfano wa ndege chozi.

Faida yao ni nini?

Nondo huyo anayeelea ni wa jamii inayochavusha mipapai, wengi wao wakifanya kazi hiyo giza linapoingia. Mipapai mingi huwa ama dume ama jike, kwa hivyo lazima chavua ibebwe kutoka mti hadi mti. Utafiti wa Dino Martins na Steven Johnson uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa umbali wa shamba kutoka kwenye uoto wa asili, na hali ya uoto huo, huathiri uchavushaji wa mipapai. Ukifyeka kichaka chote, unapunguza mapapai yako mwenyewe.

Namna ya kupiga picha kwa simu

• Nenda asubuhi, wadudu wakiwa bado wazito kwa baridi.
• Sogea polepole. Kivuli chako kisimwangukie.
• Kwa anayeelea, elekeza kamera kwenye ua na usubiri, kisha upige picha kadhaa mfululizo.
• Mpige kutoka juu na ubavuni, pamoja na ua lenyewe.
• Andika tarehe na mahali.

Wakaazi wanahimizwa kumwonyesha afisa wa kilimo wa wadi picha hizo kabla ya kununua dawa, na kuacha ukanda wa maua ya porini kando ya shamba. Akiwa ni mharibifu, utashauriwa la kufanya. Akiwa ni mchavushaji, mwache aendelee na kazi yake.