Nyasi za Pambo Nyumbani: Uzuri wa Ua na Ulinzi wa Udongo

Mazungumzo yetu ya leo ni habari za nyasi. Huenda mtu akacheka na kusema, "Je, nyasi nazo zataka kufundishwa? Kila siku twazing'oa kwa jembe, nazo zaota tena bila kuitwa." Maneno hayo ni kweli, lakini si kweli yote. Ziko nyasi zilizo adui wa shamba, na ziko nyasi ambazo zikipandwa kwa akili huupamba ua, na zaidi ya hayo huuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Hizi za pili ndizo tutakazozinena.

Desturi ya watu wengi ni kufagia ua mpaka lisibaki hata jani moja. Wana sababu njema: hawataki nyoka wapate maficho, na ua uliofagiwa ni sifa ya mwenye nyumba. Lakini itazame nyumba hiyo baada ya masika. Maji yatokayo darini yamechimba mfereji ukutani, udongo umeteremka bondeni, na mawe ya msingi yako wazi. Mwaka wa pili mfereji huzidi kina, na mwaka wa tatu ukuta hupasuka. Wazee walisema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Kupanda nyasi ni kuuziba ufa ungali mdogo.

Nguvu ya nyasi imo katika mizizi yake. Mwembe una mzizi mkuu uendao chini, bali nyasi zina mizizi mingi myembamba kama nyuzi, nayo huushika udongo kama wavu ushikavyo samaki. Majani nayo hupokea matone ya mvua na kuyavunja nguvu kabla hayajafika chini. Ya kupanda uani ni zile ziotazo kwa mashina, kila shina mahali pake, wala si zile zitambaazo zikaingia kila pahali.

Ya kwanza ni mchaichai, ambao wengi wenu mwaujua kwa harufu yake ndani ya chai. Majani yake marefu huinama pande zote kwa uzuri, nao hufika futi 3 au 4. Haupendi maji yatuamayo, basi upande mahali palipoinuka. Acha futi 2 baina ya shina na shina. Kingo za majani hukata ngozi, kwa hiyo usiupande kando ya njia wachezapo watoto. Wako wasemao kwamba harufu yake hufukuza nyoka. Usiitegemee habari hiyo, bali safisha mashina yako.

Ya pili ni vetiva, nyasi itokayo Bara Hindi. Jina lake limetoka katika lugha ya Kitamili, na maana yake ni mzizi uliochimbwa, kwa kuwa mizizi yake ina harufu nzuri na hutolewa mafuta ya manukato. Huko Bara Hindi watu husuka mizizi hiyo kuwa mapazia, wakayamwagia maji siku za joto, upepo upitao ukaingia nyumbani wenye ubaridi na harufu njema. Katika udongo mzuri mizizi hushuka futi 10 na zaidi. Nayo haiendi upande kuinyang'anya mimea mingine nafasi, wala ile ipandwayo kwa kulinda udongo haizai mbegu ziotazo. Ndiyo sababu tangu miaka ya 1980 imepandwa katika nchi nyingi kuwa kinga ya miteremko.

Kuipanda ni hivi. Ng'oa shina zima, uligawe katika vipande vyenye machipukizi 2 au 3. Kata majani ubakize inchi 8, na mizizi ubakize inchi 4. Panda mvua ianzapo, inchi 4 hadi 6 baina ya kipande na kipande, katika mstari ukatao mteremko, wala usioshuka nao. Nafasi ikiachwa, maji yatapita hapo kwa nguvu kuliko kwanza; basi kipande kikifa, kiweke kingine upesi. Mashina yakisongamana, maji yatapungua mwendo, na udongo wake utatua nyuma ya ua huo.

Utunzaji si kazi kubwa. Nyasi hukua kutoka karibu na ardhi, si kutoka ncha kama mti, na kwa hiyo ukizikata hazifi. Kabla ya mvua kuanza, kata mashina ubakize kiasi cha shubiri moja, uondoe majani makavu yaliyo ndani. Hayo makavu ndiyo maficho ya nyoka na panya, nayo hushika moto haraka; yatandaze chini ya migomba au mboga. Shina likizeeka na katikati yake kufa, ling'oe, ugawe pembe zake zilizo hai, upande upya.

Sasa neno la hadhari. Si kila nyasi nzuri ni mgeni mwema. Iko nyasi ya Afrika Mashariki na Kaskazini yenye masuke laini kama mkia wa mnyama, ambayo wataalamu huiita Cenchrus setaceus. Watu wa ng'ambo waliipenda wakaipeleka bustanini mwao. Katika visiwa vya Hawaii ilitoroka bustani, upepo ukachukua mbegu zake, ikajaa katika nchi kavu ya mawe meusi, na sasa hueneza moto unaoteketeza miti ya asili. Mwaka 2017 Umoja wa Ulaya uliiandika katika orodha ya mimea migeni yenye madhara. Basi ukipewa nyasi usiyoijua, uliza kwanza: Je, yazaa mbegu nyingi? Je, mbegu zake zapeperuka? Ikiwa ndivyo, usiipande.

Mwenye ua mdogo na aanze na mashina 6 ya mchaichai karibu na jiko, na mstari mmoja wa vetiva mahali maji yapitapo. Jirani mwenye shina lililokomaa aweza kumgawia bila gharama. Na masika yajayo, mvua ikiisha, atoke akatazame msingi wa nyumba yake; akiukuta udongo ungali mahali pake, atajua kwamba kazi yake haikupotea.