Bata Mzinga wa Sikukuu (Sehemu ya Tatu): Kisu Kifuate Viungo

Juma lililopita tulimwivisha bata mzinga mpaka kipimo cha joto, kilichochomekwa penye nyama nene ya paja bila kugusa mfupa, kikasoma nyuzi 74. Leo ni zamu ya kisu, na hapa ndipo sikukuu nyingi za Kasese na Bwera huharibika. Ndege aliyefugwa miezi kadhaa hupasuliwa kwa panga kama kuni. Vibanzi vya mifupa huingia kwenye nyama, na anayekwamwa navyo kooni mara nyingi ni mtoto.

Mwacheni bata mzinga atulie dakika 20 hadi 30. Moto hukaza nyuzi za nyama na kuzikamua maji. Akipoa kidogo, maji hayo huwa mazito na kubaki ndani. Mwenye haraka humwaga utamu wote ubaoni. Wakati huo noa kisu kirefu, chembamba. Kisu butu huteleza, na huishia kwenye kidole.

Mlaze chali. Pasua ngozi kati ya paja na kifua, kisha shika paja ulikunje kwa nje mpaka kichwa cha mfupa kichomoke nyongani. Pitisha kisu hapo penye gegedu; ukiona unatumia nguvu, umepakosa, sogeza kidogo. Karibu na nyonga, upande wa mgongo, kuna vinofu viwili vya mviringo vimelala katika vishimo vya mfupa. Vichokoe kwa ncha ya kisu. Sijui nyama tamu kuliko hiyo kwa ndege huyu, na nyumba nyingi huitupa pamoja na mifupa.

Tenganisha paja na mguu kwenye goti. Bata mzinga anapokomaa, kano za mguu wake hugeuka mfupa, zikawa vijiti vyembamba vigumu. Zivute moja moja kabla mguu haujafika mezani.

Kifua ndicho chenye kazi. Kwanza toa ule mfupa wenye panda ulio karibu na shingo. Halafu kata kandokando ya mfupa wa kidari, kisu kikishuka kwa kugusa mbavu, mpaka mnofu wote utoke mzima. Ulaze ubaoni uukate vipande vyembamba kwa kukingama nyuzi. Ndege huyu hutembea kutwa na huruka kwa nadra, kwa hiyo miguu imejaa mayoglobini, protini ya kuhifadhi oksijeni. Ndiyo maana nyama ya miguu ni nyeusi. Kifua ni cheupe, kina mafuta machache, na kikikatwa kwa kufuata nyuzi hutafunika kwa shida.

Bwera ni mpakani mwa Uganda na Kongo, na ndugu huvuka mto Lhubiriha kutoka Kasindi kuja kula. Sahani za bundu, ugali wa muhogo, huwa nyingi kuliko mapande ya panga. Firigisi nyumba nyingi humpa baba, sawa. Lakini kifua kilichokatwa vipande huwafikia hata wanawake waliopika, ambao kwa kawaida huachiwa shingo na mabawa. Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu kubwa ya kujifunza kazi hii.

Joto la Kasese halichezewi: nyama isikae nje zaidi ya saa mbili, na mchana wa jua kali, saa moja. Mifupa yote itieni sufuriani. Juma lijalo tunapika supu.