Kioo chenye kushika mfupa na kuua mikrobu

Mutu wa shimo anajua kidonda cha mguu. Jiwe linaanguka, mfupa unavunjika, nyama inapasuka, udongo unaingia ndani. Wanamufunga, inaonekana amepona. Kisha miezi mitatu, mine, tundu dogo linafunguka tena palepale, usaha unatoka. Akimeza kinini linafunga, akiacha linafunguka. Kule ndani mikrobu zimejificha mu kipande cha mfupa uliokufa. Damu haifiki pale, na dawa inapita mu damu. Banganga wanaita ugonjwa huu osteomielite. Kuna wandugu ambao mguu ulikatwa ju yake.

Leo tunazungumza juu ya kioo. Ndiyo, kioo, ndugu wa kile cha dirisha.

Mwaka 1967, Larry Hench, fundi wa vioo na si munganga, alikuwa ndani ya bisi mu Marekani, akienda kwenye mkutano wa jeshi. Pembeni yake alikaa kolonele aliyetoka vita ya Vietnam. Kolonele alimuuliza kama anaweza kutengeneza kitu ambacho mwili wa mutu hautakikataa. Ju chuma na plastiki, mwili unavizungushia kovu, sawa mgeni asiyetakiwa. Hench aliwaza hivi: mfupa ni kalsiumu na fosfati, basi tuvitie ndani ya kioo. Alichanganya silika (ile ya mchanga) sehemu 45 juu ya 100, sodiumu na kalsiumu 24.5 kila moja, fosfati 6. Mwaka 1969 vipande viliwekwa mu mifupa ya panya. Kisha wiki sita, munganga aliyepasua alitaka kuvitoa, akashindwa: kioo na mfupa vilikuwa vimeshikana.

Kinafanyaje? Kikiguswa na maji ya mwili, kioo hiki kinaanza kuyeyuka polepole. Sodiumu inatoka, na maji ya pembeni yanakuwa makali sawa maji ya majivu. Chumvi inazidi, mikrobu zinanyauka sawa samaki mu chumvi. Wakati ule ule, juu ya kioo inajengeka ngozi ya kalsiumu na fosfati, na mfupa mpya unaishika njo nyumba yake. Hakiui kwa njia ya antibiotike, kwa hiyo hata mikrobu zilizozoea antibiotike zinapigwa.

Kule Turku, mu Finlandi, walibadilisha vipimo kidogo, wakapata kioo kinachoitwa S53P4. Banganga wanakitumia kwa osteomielite: wanapasua, wanakwangua mfupa wote uliokufa, kisha wanajaza tundu na punje za kioo, sawa mchele uliovunjika. Ile kukwangua njo kazi kubwa. Pasipo kukwangua, kioo kinafunika uchafu tu. Na mgonjwa anapewa antibiotike vilevile.

Sasa tunafika kwetu. Wataalamu wengi wanatia shaba na kobalti ndani ya vioo hivi. Shaba inaua mikrobu, tena inasaidia mishipa mipya ya damu kuota. Kobalti inadanganya mwili: chembe zake zinafikiri hewa imepungua, zinaita mishipa mipya. Mu mji wa Rolla, Missouri, chuo kilichoanza mwaka 1870 kama shule ya migodi kilitoa kioo cha nyuzi laini sawa pamba, kinachowekwa juu ya vidonda vinavyokataa kufunga. Shule ya migodi! Tulipojua hiyo tulicheka kwa furaha.

Lakini tusikilizane. Siku moja pa mgodi tuliona kijana anasaga malakite, ile jiwe ya kijani, akitaka kuipaka kidonda cha mwenzake, ju "shaba inaua mikrobu". Apana, mwana! Ndani ya kioo shaba ni kidogo sana, imepimwa, inatoka polepole. Ikizidi, inaua nyama ya mutu pia. Kobalti ni vilevile: miaka ya 1965 na 1966, mu Québec, ilitiwa mu bia ili povu likae, na wanywaji wakubwa walikufa kwa ugonjwa wa moyo. Tena mawe ya kobalti ya kwetu mara nyingine yana uraniumu ndani.

Kama jiwe limekupasua, osha na maji safi na sabuni, mingi, funika na kitambaa safi, enda hospitali siku ile ile, uombe na sindano ya tetanosi. Kama mfupa unaonekana, usiurudishe ndani mwenyewe. Kinini walizokupa, zimalize. Na wewe mama, kama tundu la mguu wa bwana yako linafunguka mara ya pili, usinunue kinini ingine sokoni: mupeleke, muulize munganga kama wamepiga radio ya ule mfupa.