Trekta moja kwa nyasi na theluji: namna ya kulichagua kwa nyumba iliyozungukwa na msitu

Misitu imefunika takriban asilimia 90 ya jimbo la Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani, na hakuna jimbo jingine la nchi hiyo linalolifikia. Nje ya miji, nyumba nyingi zimejengwa kwenye uwazi uliofyekwa katikati ya misonobari, na njia ya kokoto hupinda kati ya miti kutoka barabarani hadi mlangoni. Kuanzia Mei hadi Oktoba nyasi za uwanjani hutaka kukatwa mara kwa mara. Kuanzia Desemba hadi Machi theluji huziba njia ile ile. Caribou, mji wa kaskazini mwa jimbo hilo, hupata zaidi ya mita mbili na nusu za theluji katika msimu wa kawaida. Barabara ya umma husafishwa na serikali, lakini njia ya kuingilia nyumbani ni jukumu la mwenye nyumba. Jambo hili linawahusu pia wazungumzaji wa Kiswahili kutoka Kongo, Burundi na Rwanda waliohamia Portland, Lewiston na miji mingine ya huko.

Wenye maeneo kama hayo hutafuta trekta moja la kufanya kazi zote mbili, na hapo ndipo ugumu huanza. Nyasi hutaka mashine nyepesi yenye tairi zisizochimba ardhi. Theluji hutaka mashine nzito inayoshika ardhi. Miti nayo hutaka mashine nyembamba na fupi inayopinda kwa urahisi. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, lakini kwa trekta la aina hii uchaguzi ni nusu ya kazi.

Kazi ya kwanza ni kupima eneo kabla ya kutazama mashine yoyote. Vinavyopimwa ni ukubwa wa uwanja wa nyasi, urefu na mteremko wa njia, nafasi nyembamba kuliko zote kati ya miti, na kimo cha mlango wa banda. Milango mingi ya gereji nchini Marekani ina kimo cha mita 2.1 hivi, na fremu ya usalama iliyo nyuma ya kiti hukaribia au huzidi kimo hicho. Kwa hiyo fremu inayokunjwa ni ya lazima kwa wengi.

Hesabu ndogo huonyesha ukubwa wa kazi yenyewe. Njia yenye urefu wa mita 100 na upana wa mita 3, ikifunikwa na theluji ya sentimita 30, hubeba mita za ujazo 90. Theluji mpya iliyo kavu huwa na uzito wa kilo 100 hivi kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo jumla ni tani tisa. Ikiwa imelowa, uzito huongezeka mara mbili au zaidi. Mzigo huo wote unapaswa kuondolewa kabla watu hawajaenda kazini na shuleni, na huenda ukarudi wiki hiyo hiyo.

Mashine zinazouzwa kwa kazi hizi ziko katika makundi matatu. La kwanza ni trekta la kukatia nyasi, lenye injini ya petroli na visu chini ya tumbo. Linafaa kwa uwanja mdogo na njia fupi iliyo tambarare, lakini ni jepesi, na kwa kawaida huendeshwa na magurudumu mawili tu. La pili ni trekta dogo la dizeli lenye nguvu za farasi kati ya 18 na 25, uzito wa kilo 600 hadi 750 bila zana, na upana wa mita 1.2 hivi. John Deere 1025R, lenye nguvu za farasi 23.9, na matrekta ya Kubota ya jamii ya BX ni mifano inayofahamika. La tatu ni trekta la kati, lenye nguvu za farasi 25 hadi 60 na uzito wa tani moja hadi mbili. Hili hubeba zana kubwa na kuvuka visiki na mashimo bila kukwaruza tumbo, ila huacha alama kwenye nyasi laini na huhitaji nafasi ya kugeukia.

Sababu ya matrekta mengi kuishia chini kidogo ya nguvu za farasi 25 ni sheria. Kanuni za Marekani za moshi wa dizeli hukaza masharti kuanzia kilowati 19, sawa na nguvu za farasi 25 hivi. Ndiyo maana injini nyingi zilizo juu ya kiwango hicho hufungwa kichujio cha masizi kinachohitaji kuunguzwa na kusafishwa. Asiyehitaji nguvu zaidi hana sababu ya kununua gharama hiyo.

Namba ya kuangalia kwa makini zaidi ni nguvu inayofika kwenye shafti ya PTO, ile inayozungusha zana, kwa sababu daima huwa ndogo kuliko nguvu ya injini. Mafundi wengi hukadiria nguvu za farasi tano za shafti kwa kila sentimita 30 za upana wa mashine ya kurusha theluji. Zana za nyuma hufungwa kwa kiunganishi cha pointi tatu, mfumo uliobuniwa na Harry Ferguson wa Ireland na kuenea tangu trekta la Ford 9N la mwaka 1939. Ndio ule ule unaoonekana nyuma ya matrekta ya Massey Ferguson katika mashamba ya Kenya na Tanzania.

Kwa upande wa uendeshaji, gia za haidrostatiki ndizo zinazofaa zaidi. Dereva hubonyeza pedali kwenda mbele au kurudi nyuma bila kukanyaga klachi, na kazi ya theluji ni ya kwenda na kurudi mamia ya mara. Magurudumu manne yanayovuta ni ya lazima. Tairi za nyasi hutunza uwanja lakini huteleza kwenye barafu. Zile zenye meno marefu ya shambani huchimba nyasi. Tairi za viwandani, zenye meno mapana na mafupi, ndizo mwafaka wa kati, na majira ya baridi hufungwa minyororo kwenye magurudumu ya nyuma. Kabla ya kununua minyororo, hupimwa nafasi kati ya tairi na mwili wa trekta ili isikwaruze.

Kwa nyasi, visu vya chini ya tumbo hukata vizuri na kupinda kwa karibu kuzunguka mashina ya miti. Ubaya wake ni kwamba hugonga mizizi na mawe, na hulazimika kufunguliwa kabla ya baridi. Mashine inayovutwa nyuma hufungwa na kufunguliwa haraka zaidi, ingawa huongeza urefu wa trekta. Kingo za msitu zenye vichaka na miche huhitaji mashine nzito ya kufyekea. Visu vya uwanja huharibika huko.

Kwa theluji kuna njia tatu. Bamba la kusukumia ni rahisi na la haraka, lakini theluji huhitaji mahali pa kwenda. Katikati ya miti kingo hujaa, huganda, na njia huzidi kuwa nyembamba hadi Februari. Ndoo ya mbele huchota na kubeba, ila ni ya polepole, na huhitaji uzito wa kusawazisha nyuma. Mashine ya kurusha hutupa theluji mbali katikati ya miti, kwa hiyo ndiyo bora kwa njia ndefu ya msituni. Ikifungwa mbele, dereva hutazama anakokwenda. Ikifungwa nyuma ni nafuu, lakini dereva hurudi kinyumenyume huku shingo imegeuka. Kwenye kokoto, miguu yake ya chini hupandishwa kidogo ili isirushe mawe, na vijiti vya alama huchomekwa kando ya njia kabla ardhi haijaganda.

Baridi yenyewe huhitaji maandalizi. Dizeli ya kawaida huanza kuganda nta katika baridi ya nyuzi 10 chini ya sifuri au karibu na hapo, kwa hiyo hutumika dizeli ya majira ya baridi. Hita ya umeme ya injini huwashwa saa chache kabla ya kazi.

Usalama haupaswi kupunguzwa ili kuokoa fedha. Fremu ya kinga, ikitumiwa pamoja na mkanda wa kiti, huokoa karibu kila dereva trekta linapopinduka. Sweden ililazimisha matrekta mapya kuwa nayo tangu 1959. Fremu iliyokunjwa ili kupita chini ya matawi husimamishwa tena mara moja, na mkanda hufungwa inaposimama tu. Shafti ya PTO ya nyuma huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara tisa kwa sekunde, na hunasa mkono wa koti kabla mtu hajashtuka. Theluji ikikwama ndani ya mashine, injini huzimwa kwanza, kisha theluji huondolewa kwa kijiti, kamwe si kwa mkono. Gogo la kuvutwa hufungwa chini, kwenye kiungo cha kuvutia, kwa sababu likifungwa juu trekta huweza kuinuka na kumwangukia dereva.

Kwa mwenye uwanja wa ekari moja hadi tatu na njia ya mita 50 hadi 150, trekta dogo la dizeli lenye magurudumu manne yanayovuta, gia za haidrostatiki, tairi za viwandani na mashine ya kurusha theluji ya mbele ndilo chaguo la busara. Mwenye eneo kubwa zaidi, au anayevuta magogo kila mwaka, achukue la kati. Na kila mnunuzi ahakikishe kwanza kwamba muuzaji yuko karibu na ana vipuri, kwa sababu trekta lililoharibika wakati wa dhoruba ya Januari halina faida kwa mtu.