Jeraha la Baridi si Kuganda
Katika karne ya 19 miembe ilipandwa kando ya njia ya misafara iliyopitia Tabora. Embe ni tunda la nchi za joto. Likihifadhiwa kwenye baridi iliyo chini ya nyuzi 13 za Selsiasi hivi, huweza kudhurika: ganda huwa kijivu na tunda haliivi sawasawa. Kuliita dhara hili “kuganda” ni kumpotosha msomaji. Maji huganda kwenye nyuzi 0, naye atadhani nyuzi 5 ni salama. Istilahi ifaayo ni “jeraha la baridi”. Aghalabu jeraha hili hujificha mpaka tunda lirudishwe kwenye joto. Hivyo hutafutwa kwa mwanga: tunda humulikwa, kisha mwanga unaorudi hupimwa, ukiwamo wa infraredi usioonekana kwa macho. Seli zikidhurika, mwanga huo hubadilika. Jeraha hutambulika pasipo kulikata embe.